Kanisa Hili ni la Lini? Jinsi ya Kuyasoma Majengo ya Warsaw

Katika barabara nyembamba ya Świętojańska, ndani ya Mji Mkongwe wa Warsaw, limesimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Uso wake ni wa matofali mekundu, umepanda kwa ngazi ngazi hadi kwenye ncha, na ukiutazama hutasita kusema kwamba ni kazi ya mafundi wa enzi za kati. Uliza kanisa hili lilijengwa lini, nawe utapata majibu matatu. Mmoja atakuambia ni la karne ya 14. Mwingine atasema ni la miaka ya 1950. Wa tatu, hasa akiwa msomi wa usanifu majengo, atakuambia kwamba mwaka 1939 uso huu haukuwapo. Wote watatu wanasema kweli.

Wageni wengi wa mji mkuu wa Polandi hupotea hapo. Aliyesikia kwamba mji uliangamizwa ukajengwa upya huona kila kitu ni maigizo, kama mapambo ya jukwaani. Asiyesikia huondoka akiamini amegusa mawe ya mwaka 1400. Wote wawili wameuliza swali moja mahali penye maswali matatu. Mahali hapa pana kanisa tangu lini? Sura hii ninayoiona ni ya zama zipi? Na tofali lenyewe, liliwekwa na nani, mwaka gani? Katika miji mingi majibu ya maswali hayo hukaribiana. Warsaw yameachana kwa mamia ya miaka, na ukitaka kujua kwa nini, lazima uanze na namna mji ulivyobomoka.

Ulibomoka kwa awamu. Septemba 1939 ndege na mizinga ya Wajerumani iliupiga mji uliozingirwa. Tarehe 16 kanisa la Kilutheri la Utatu Mtakatifu, lenye kuba kubwa la karne ya 18, liliungua. Kesho yake moto ukalishika Kasri la Kifalme. Kazimierz Brokl, aliyekuwa mtunzaji wa hazina za kasri, aliuawa siku hiyohiyo, na wenzake wakiongozwa na Stanisław Lorentz wa Makumbusho ya Taifa wakaendelea kutoa picha, milango na vipande vya mapambo kutoka ndani ya jengo lililokuwa likiungua. Kazi hiyo itakuja kuwa na maana kubwa miaka 30 baadaye.

Awamu ya pili ilikuwa ya mwaka 1943, na iliwahusu Wayahudi. Wajerumani walikuwa wamewafungia mamia ya maelfu ya watu katika ghetto, yaani mtaa uliozungushiwa ukuta, kisha wakawapeleka wengi wao kuuawa katika kambi ya Treblinka. Waliobaki waliposhika silaha mwezi Aprili, mitaa yao ilichomwa nyumba kwa nyumba. Tarehe 16 Mei Sinagogi Kuu ya Tłomackie ililipuliwa kwa baruti ili kutangaza kwamba kazi imekwisha. Katika eneo hilo zima kanisa la Mtakatifu Augustino, mtaa wa Nowolipki, lilibaki wima. Wajerumani walikuwa wamelifanya ghala la mali walizowapora Wayahudi. Kuna picha maarufu ya mnara wake ukiwa peke yake juu ya vifusi vinavyoenea hadi upeo wa macho. Kati ya picha zote za Warsaw ya wakati ule, hiyo ndiyo ninayoona ngumu kuitazama kwa muda mrefu, kwa sababu jengo lililosalia linakuonyesha ukubwa wa kile kilichotoweka.

Kisha ukaja mwaka 1944. Uasi wa Warsaw, wa Wapolandi dhidi ya Wajerumani, ulianza tarehe 1 Agosti ukadumu siku 63. Ndani ya Mji Mkongwe na Mji Mpya makanisa yaligeuka hospitali na mahandaki ya kujificha. Ndani ya kanisa kuu watu walipigana kwa mkono, upande mmoja ukiwa altareni na mwingine mlangoni. Tarehe 31 Agosti mabomu ya ndege yaliangukia kanisa la Mtakatifu Kazimierz la masista wa Sakramenti Takatifu katika Mji Mpya. Masista walikuwa wamewafungulia wakimbizi vyumba vya chini, na watu wapatao 1,000 walifukiwa humo pamoja nao. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba nguzo ya Mfalme Zygmunt, iliyosimama mbele ya kasri tangu 1644, ilianguka.

Ila sehemu kubwa ya uharibifu haikutokea kwenye mapigano, na jambo hili husahaulika mno. Mji Mkongwe ulipokwisha kutekwa, Wajerumani walililipua kasri. Matundu ya kutilia baruti yalikuwa yametobolewa kutani zamani. Baada ya waasi kusalimu amri tarehe 2 Oktoba, wakazi wote walifukuzwa, kisha vikosi maalumu vikaingia mji mtupu na kuuchoma na kuulipua mtaa baada ya mtaa, hadi Januari 1945. Kuta za kanisa kuu zilizokuwa zimestahimili vita zililipuliwa katika miezi hiyo ya ukimya. Zaidi ya asilimia 85 ya kitovu cha kihistoria kiliteketea.

Kwa hiyo swali la 1945 halikuwa la ufundi peke yake. Desturi ya wahifadhi wa majengo, iliyokuwa imekomaa Ulaya tangu mwisho wa karne ya 19, ilisema: linda kilichopo, usibuni kilichopotea. Jan Zachwatowicz, msanifu aliyepewa dhamana ya kuhifadhi majengo ya kale ya nchi nzima, aliijua desturi hiyo vizuri na aliiamini. Mwaka 1946 alieleza kwa nini ataivunja. Jengo likianguka kwa uzee au kwa ajali, hoja yake ilikuwa, desturi inafaa. Hapa adui alikuwa amebomoa kwa makusudi ili taifa lisiwe na kumbukumbu. Kukubali pengo libaki ni kuikubali kazi yake. Nimezisoma hoja nyingi za kumpinga Zachwatowicz na baadhi zina uzito, lakini sijaona hata moja inayolijibu jambo hilo.

Wangejuaje kila kitu kilikuwaje? Jibu linalorudiwa kila mahali ni kwamba mji ulijengwa kwa kutazama picha za Canaletto. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Anayeitwa Canaletto huko Polandi ni Bernardo Bellotto, mpwa wa yule mchoraji maarufu wa Venice. Aliishi Warsaw kuanzia miaka ya 1760 hadi kifo chake mwaka 1780, akimchorea Mfalme Stanisław August mandhari ya mji. Picha zake zilisaidia sana kwenye barabara ya Krakowskie Przedmieście na Miodowa. Lakini uwanja wa soko wa Mji Mkongwe, ambao watalii huuona ndio moyo wa yote, Bellotto hakuuchora. Tena alikuwa mchoraji wa mfalme. Palipomfaa alinyoosha na kupamba, na baadhi ya mapambo yake leo yamesimama kwa tofali na chokaa.

Ushahidi mkubwa ulitoka kwa wanafunzi. Kabla ya vita, Profesa Oskar Sosnowski wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Warsaw alikuwa akiwatuma wanafunzi wake kupima majengo ya kale kwa kamba na futi, dirisha kwa dirisha, na kuyachora. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1939 kwa majeraha ya vita. Kazi iliendelea kwa siri wakati wa ukaliaji, na mji ulipokuwa ukilipuliwa mwishoni mwa 1944 michoro hiyo ilitolewa Warsaw ikafichwa katika nyumba ya watawa mjini Piotrków Trybunalski. Fikiria kijana wa miaka 20 aliyepewa zoezi la darasani la kupima kizingiti cha mlango, akalalamika kuhusu baridi, asijue kwamba karatasi yake ndiyo itakayobaki na mlango utakwenda. Ofisi ya Ujenzi wa Mji Mkuu, iliyoundwa mapema 1945, ilianzia kwenye karatasi hizo. Kumbukumbu za ofisi hiyo zenyewe ziliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Swali la pili, la sura, ndilo gumu kuliko yote. Jengo la miaka 600 halina sura moja. Limebadilishwa, limepanuliwa, limepakwa chokaa, limeongezwa minara. Ukilirudisha, unairudisha ipi?

Kanisa la Mtakatifu Aleksanda kwenye Uwanja wa Misalaba Mitatu ni mfano safi. Lilijengwa kati ya 1818 na 1825 na msanifu Chrystian Piotr Aigner, dogo, la mviringo, lenye kuba kama la hekalu la Kirumi. Waumini walipoongezeka, mwishoni mwa karne ya 19 lilipanuliwa likawa kubwa mara kadhaa, likapata minara miwili mirefu. Hilo kubwa ndilo watu wa Warsaw waliozaliwa karibu na mwaka 1900 walilijua, ndimo walimobatizwa na kufungia ndoa. Liliangamizwa 1944. Lililojengwa baada ya vita ni lile dogo la Aigner. Ni wazee tu waliokuwa wangali na kumbukumbu nalo.

Kanisa kuu likapata uamuzi wa namna hiyohiyo, ila wa kijasiri zaidi. Miaka ya 1830 msanifu Adam Idźkowski alikuwa amelivika uso wa Kigothiki wa mtindo wa Kiingereza, wenye vinara vingi vyembamba. Uso huo ndio ulioonekana hadi vita. Zachwatowicz hakuurudisha. Lakini hakukuwa na mchoro wa kuaminika wa uso wa enzi za kati, basi akausanifu mwenyewe kwa kufuata makanisa ya matofali ya jimbo la Mazovia. Kwa hiyo mahali ni pa karne ya 14, tofali ni la karne ya 20, na sura ni dhana ya msomi mmoja kuhusu karne ya 14. Yule aliyejibu kwamba mwaka 1939 uso huu haukuwapo alikuwa na maana hiyo. Nadhani Zachwatowicz alivuka mpaka aliouweka mwenyewe, kwa sababu hoja yake ya 1946 ilihusu kurudisha kilichoporwa, na uso huu haukuporwa na mtu. Bado nikiulizwa kama ni mzuri, nitasema ni mzuri mno.

Ukitembea dakika chache kuelekea kaskazini utafika Barbakani, ngome ya mviringo iliyojengwa mwaka 1548. Watalii huipiga picha kama lango lililonusurika. Kabla ya vita karibu yote ilikuwa imekwisha kubomolewa na kumezwa na nyumba za watu. Vifusi vilipoondolewa misingi ikaonekana, na kati ya 1952 na 1954 ngome ikainuliwa. Vita viliizika mitaa mingi, na ngome hii vikaifukua.

Mbona karne ya 19 iliepukwa hivyo? Wasanifu wengi wa kizazi kile waliiona kama zama za nyumba za kupangisha zilizobanana na za utawala wa Warusi. Serikali mpya ya kikomunisti iliiita zama za unyonyaji. Watu wasiopatana kwa lolote walipatana kwa hilo. Ndiyo maana nyuma ya kuta za uwanja wa soko, mahali palipokuwa na mabanda na vyumba vya giza, leo kuna nyua zenye miti, na ndani ya nyumba hizo zikajengwa fleti za kisasa za wafanyakazi. Uwanja ulifunguliwa tarehe 22 Julai 1953, sikukuu ya dola hiyo ya kikomunisti. Na dola hiyohiyo, iliyomfunga Kardinali Stefan Wyszyński, mkuu wa Kanisa Katoliki la Polandi, miezi miwili baadaye, ilikuwa ikiacha makanisa ya mji wake mkuu yainuke.

Kuhusu tofali, jibu moja linachoma. Vifusi vya Warsaw vilichambuliwa na kutumika tena, lakini havikutosha. Matofali yaliletwa kwa mabehewa kutoka miji ya magharibi iliyokuwa ya Ujerumani hadi 1945, ukiwamo Wrocław. Mengi yalitoka kwenye magofu, mengine kwenye majengo ya kale ambayo yangeweza kuokolewa. Hata Barbakani ina matofali ya huko. Mji mmoja ulivuliwa ili mwingine uvikwe, na watu wa Wrocław hawajasahau.

Si kila kitu kilianguka. Kanisa la masista wa Visitasio kwenye Krakowskie Przedmieście lilipita vita vyote likiwa karibu zima, na madhabahu zake za karne ya 18 ni zilezile. Kijana Fryderyk Chopin, aliyekuja kuwa mtunzi maarufu wa muziki, alipiga kinanda hapo akiwa mwanafunzi. Ukitaka kujua kanisa la Warsaw lilivyokuwa kwa ndani kabla ya moto, nenda hapo kwanza.

Ng'ambo ya barabara hiyo liko Kanisa la Msalaba Mtakatifu, ambalo ni kinyume chake. Mlipuko wa 1944 uliling'oa umbo, na sanamu ya Kristo abebaye msalaba iliyokuwa juu ya ngazi ikaanguka barabarani, mkono wake mmoja ukielekea mbinguni. Ila ndani ya nguzo mojawapo kuna kitu ambacho hakikujengwa upya: moyo wa Chopin. Alifariki Paris mwaka 1849, na dada yake Ludwika aliuleta moyo wake nyumbani katika chupa ya pombe kali, kwa kificho. Wakati wa uasi ulitolewa kanisani, na tarehe 17 Oktoba 1945 ukarudishwa kwenye nguzo, kanisa lingali gofu. Kuta zimejengwa kukizunguka kitu cha kweli, na kwangu hilo linatosha kulifanya kanisa lile kuwa lilelile.

Amani nayo ilikuwa na hatari zake. Mwaka 1949, mafundi walipokuwa wakichimba handaki la barabara ya mashariki-magharibi, mteremko ulianza kuporomoka na kanisa la Mtakatifu Anna, lililotoka salama vitani kuliko jirani zake, likaanza kupasuka. Mhandisi Romuald Cebertowicz alipitisha umeme ardhini kuufukuza unyevu na kuugandisha udongo, na kanisa likatulia. Barabara hiyohiyo ilipotaka kupanuliwa upande wa magharibi, kanisa la Kuzaliwa kwa Bikira Maria lilikuwa njiani. Wangeweza kulibomoa. Badala yake, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1962 jengo lote, la tani 6,800, lilisukumwa juu ya reli mita 21 kwenda nyuma. Kwa kanisa hilo maswali yangu matatu yanageuka: tofali na sura ni vya zamani, mahali ndipo papya.

Kuna pia orodha ya visivyorudi, nayo inasema mengi. Sinagogi Kuu haikujengwa tena. Leo mahali pake pana jengo refu la vioo vya buluu. Jamii iliyoijenga iliuawa, na jengo linahitaji watu wa kulidai. Sinagogi ndogo ya Nożyk, iliyomalizwa mwaka 1902, ilinusurika baada ya kutumiwa kama ghala na zizi, na humo ibada zinaendelea.

Na kuna moja ambayo Wapolandi waliibomoa wenyewe. Kwenye Uwanja wa Saxon, ambao leo huitwa Uwanja wa Piłsudski, Warusi walikuwa wamejenga kati ya 1894 na 1912 kanisa kuu la Kiorthodoksi la Aleksanda Nevsky, lenye mnara wa kengele wa mita 70. Kwa wakazi lilikuwa muhuri wa mtawala. Nchi ilipopata uhuru, katikati ya miaka ya 1920 likabomolewa, ingawa wapo Wapolandi waliopinga kuharibu kazi ya sanaa kwa sababu ya aliyeilipia. Kanisa jingine la Kiorthodoksi, la Maria Magdalena ng'ambo ya mto huko Praga, liliachwa, na hadi leo lina waumini. Kwenye uwanja ule mtupu, tarehe 2 Juni 1979, Papa Yohane Paulo wa Pili alisoma misa mbele ya umati ambao serikali haikujua la kuufanya.

Kasri la Kifalme lilisubiri kuliko yote. Uamuzi wa kulijenga ulitolewa Januari 1971 na fedha zikatoka kwenye michango ya watu. Vile vipande alivyookoa Lorentz na wenzake mwaka 1939 vilirudishwa kutani, hivyo ndani ya jengo jipya kuna mlango au fremu ambayo ni ile ya mfalme. Tarehe 19 Julai 1974 saa ya mnara iliwashwa, mishale ikianzia saa tano na robo asubuhi, pale iliposimama tarehe 17 Septemba 1939.

Wataalamu wa dunia hawakujua wauweke wapi mji wa namna hii. Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa wahifadhi wa majengo, ulikuwa umekataza ujenzi wa kubuni. Kraków, ambao vita viliupita bila kuugusa sana, uliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1978 bila ubishi. Warsaw ulisubiri hadi 1980, na ulipoingia, sababu iliyoandikwa haikuwa ukale wa majengo. Kilichoheshimiwa ni kazi yenyewe ya kuujenga upya, kama tukio la karne ya 20. Nauona uamuzi huo kuwa wa haki kabisa: tarehe ya urithi huo ni ya 1945 kuja mbele, na hakuna haja ya kuificha.

Ubishi haujaisha. Pembeni mwa Uwanja wa Piłsudski kuna matao matatu yaliyovunjika, na chini yake Kaburi la Askari Asiyejulikana lenye moto usiozimwa. Ndiyo masalia ya Jumba la Saxon, lililolipuliwa Desemba 1944. Mwaka 2021 sheria ilipitishwa ya kulijenga upya. Wapo wanaosema yale matao yaliyovunjika ndiyo kumbukumbu bora, wapo wanaotaka uwanja upate tena ukuta wake. Safari hii sheria imechagua sura moja waziwazi: ile ya nje ya mwisho wa Agosti 1939. Sura hiyo ni ya miaka ya 1830 na 1840, na msanifu wake ni Adam Idźkowski, yuleyule ambaye uso wake wa kanisa kuu uliachwa kwenye vifusi.